Mlima wa Sebuleni

Mwanamke waliyemwita Sindano alikuwa fundi wa kuwamba picha katika karakana iliyojibanza nyuma ya duka la vioo vya magari. Jina hilo alipewa na mwendesha mashine, ambaye mwenyewe aliitwa Wino, siku Wino alipomwona akishona turubai lililochanika pembeni kwa mshono ambao ukiutafuta huuoni. Alimuuliza ufundi ule kautoa wapi. Akajibu kwamba zamani alikuwa fundi cherehani, na kwamba yeye na baba yake walihama. Wino hakuuliza zaidi. Watu wengi huhama.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele ilikaa mashine ya kuchapa, pana kama kitanda cha watu wawili. Katikati ilikuwa meza ya kukatia iliyotandikwa mpira wa kijani uliojaa mikwaruzo ya visu, na juu yake ilining'inia taa nyeupe ya kukagulia rangi. Nyuma kabisa kulikuwa na rafu za fremu za mbao, maboksi, na mlango wa kupakilia mizigo. Walichapa picha za zamani za wachoraji wakubwa, zile ambazo zenyewe zimefungiwa kwenye majumba ya makumbusho, ili mtu wa kawaida aweze kuitundika moja juu ya kochi lake. Farasi walitoka sana. Mapeari kwenye sahani yalitoka. Wanawake wenye miavuli walipendwa na madaktari wa meno.

Kisha bosi akaja na volkano.

Bosi alikuwa mama mwenye miwani mikubwa, anayetembea upesi hata pasipo na haraka. Alikuwa ameipata picha hiyo kwenye hazina ya makumbusho fulani, imepigwa kwa ukubwa ambao unaweza kuhesabu nyufa za rangi. Ilichorwa zaidi ya karne mbili nyuma na mmoja wa wachoraji wa zama za Ulimbwende, watu waliopenda dhoruba, magofu na milima inayowaka, chochote cha kumfanya binadamu ajione sisimizi. Bosi aliieleza kwa furaha huku akikata hewa kwa mikono. Alisema watu wamechoka na maua. Alisema nyumba za siku hizi zote ni nyeupe na kijivu, na ukuta mweupe unalilia kitu kama hiki.

Mashine ile huchapa polepole, mstari baada ya mstari, kama mtu anayevuta shuka kutoka kabatini. Ilianza na anga jeusi. Ukaja moshi, mzito, wenye tumbo jekundu kwa chini. Ukafuata mdomo wa mlima, na moto uliopanda wima kama mti, na kijito cha lava kilichoteremka hadi baharini. Upande mmoja mwezi ulikuwa umekaa zake, mweupe, kama hayauhusu. Chini kabisa, juu ya mwamba, walitokea watu wadogo sana, wamesimama wanatazama.

Wino akapiga mluzi. "Sindano, njoo uone moto."

Sindano aliweka mkasi chini akaja. Alivaa miwani yake, akainama, akatazama kuanzia juu hadi chini bila haraka. Wino alikuwa akisubiri neno.

"Kuna mstari mweupe hapa kwenye moshi," Sindano alisema. "Tundu moja la wino limeziba."

Ilikuwa kweli. Wino akalaani kidogo, akasafisha mashine, akaanza upya.

Hakuna kilichomtikisa Sindano siku ile. Jambo hilo lenyewe lilimshangaza, ila kwa mbali, kama unavyosikia majirani wanagombana nyumba ya tatu na huwajui. Maana alikuwa amezaliwa na kukulia chini ya mlima kama ule, na mlima ule ndio uliowahamisha.

Huko kwao mlima ulikuwa juu ya mji, na watu walikuwa wameuzoea kama mtu anavyomzoea baba mkwe mkali: unajua yupo, unapita kwa adabu, maisha yanaendelea. Ardhi ilitetemeka siku kadhaa, vikombe vikagongana kabatini. Halafu asubuhi moja ufa ukafunguka chini ya bega la mlima, karibu kuliko ilivyotegemewa, na lava ikaanza kushuka kuelekea mitaa ya juu. Watu hudhani lava hukimbia. Ile yao ilitembea kama mtu mnene anayepanda ngazi, inasimama, inahema, inaendelea. Mchana haikuwa hata nyekundu. Ilikuwa rundo la makaa meusi, refu kuliko mtu, linalosogea lenyewe na kutoa sauti ya vyungu vinavyovunjika. Uwekundu uliuona tu pale lilipopasuka.

Walipata muda, na hilo ndilo jambo ambalo watu wa mbali hawakulielewa. Tangu asubuhi hadi alasiri Sindano alitoa vitu kupeleka kwenye gari la jirani. Alitoa magodoro na masufuria. Alitoa nguo za wateja, mashati ambayo hayajatiwa vifungo, sare za shule, gauni la bibi harusi lililobakia pindo tu, kwa sababu hizo hazikuwa mali yake. Cherehani yake, ile ya meza ya chuma, haikuwezekana. Ilihitaji watu wawili. Baba yake alitoka mwisho, jirani akiwa ameshawasha gari na kupiga honi mpaka honi ikakauka. Alitoka mikono mitupu.

Kutoka mtaa wa chini waliona ukuta wa jiko ukiinama polepole, kama mtu anayeokota kitu. Mabati yakakunjika. Tangi la maji likapasuka, mvuke mweupe ukaruka juu, na baada ya hapo hapakuwa na cha kutazama.

Mtaa mzima haukupoteza mtu hata mmoja. Kwa hiyo kila aliyewapa pole alimalizia kwa kusema washukuru, wako hai, nyumba ni nyumba tu. Sindano alikubali. Ilikuwa kweli, na asingeweza kubishana na jambo la kweli. Alikubali kwa ndugu waliowapokea, akakubali kwa ofisa aliyewaandikisha, akakubali kwa mume wake wa zamani aliyepiga simu baada ya miaka ya kimya kuuliza kama bado wapo. Alikubali mara nyingi mno mpaka kukubali kukawa ndiyo hali yake. Chakula kikawa chakula. Watu wakicheka naye alicheka, akichelewa kidogo, kama redio na televisheni zinazotangaza mpira mmoja.

Sasa yeye na baba yake walipanga vyumba viwili, ghorofa ya pili, dirisha likitazama kamba za kuanikia nguo za majirani. Baba yake alikuwa mwashi maisha yake yote, na nyumba iliyofunikwa aliijenga kwa mikono yake. Sasa hakuwa na pa kujenga. Asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akakaa. Alikuwa na utani wake uleule. Bomba la bafuni lilipokuwa likinguruma alisema mwenye nyumba amefuga simba, ndiyo maana kodi iko juu. Mlima hakuutaja. Ikibidi sana alisema "kule", na Sindano naye akasema "kule", wakapita.

Habari ya picha hakumwambia. Hakuficha, hapakuwa na mahali pa kuiingiza kati ya chumvi na bei ya sabuni.

Picha yenyewe iliuzika kama njugu. Hoteli moja iliagiza za korido nzima. Waliofunga ndoa karibuni waliitaka, wenye ofisi za bima waliitaka. Sindano aliwamba milima kutwa kucha. Unalaza turubai kifudifudi, unaweka fremu juu yake, unavuta kwa koleo pana, unapiga pini ya katikati, unageuza, unavuta upande wa pili. Kona ndizo zinazotofautisha fundi na mbabaishaji; ukikunja vibaya, picha inakuwa na masikio. Za kwake hazikuwa na masikio. Siku fulani pini ilimchoma kidoleni na hakujua mpaka alipoona doa kwenye mbao.

Siku moja walikuja mume na mke kutazama kabla ya kununua. Mke alisema sebule yao imepoa mno, mgeni akiingia anapiga miayo, wanataka kitu cha kuichangamsha. Aliuliza kama uwekundu unaweza kuongezwa kidogo, ufanane na mito ya kochi. Mume alitaka watu wale wa chini wakatwe, kwa kuwa wangefichwa na mgongo wa kochi na ni hasara kulipia watu usiowaona. Bosi aliwasikiliza wote wawili kwa subira, kisha akamgeukia Sindano aliyekuwa mezani.

"Sindano, wewe una jicho. Uwekundu huu hautoshi?"

Sindano aliivuta taa karibu. Kichwani mwake lilipita rundo la makaa meusi, likapita kama gari lisilosimama kituoni.

"Unatosha," alisema.

Mke akaridhika. Watu wa chini wakabaki. Mume akasema basi atanunua kochi fupi, na wote wakacheka, na Sindano akacheka.

Mambo yangeendelea hivyo kama si miwani. Asubuhi moja Sindano aliisahau nyumbani, juu ya jokofu, na bila miwani hawezi kukagua chapa. Alipiga simu kwa baba yake kumwomba ampe jirani yeyote anayeteremka mjini. Baba alisema ataileta mwenyewe, hana mkutano na waziri.

Alifika kabla ya saa ya kula, amevaa shati lake safi. Alikuwa hajawahi kukanyaga pale. Wino alimwamkia, bosi alimwamkia na kumvutia kiti. Lakini mzee hakukaa. Siku hiyo walikuwa wanamalizia mzigo wa hoteli, na milima ilikuwa imepangwa ukutani kutoka mlangoni hadi kwenye rafu, mikubwa kwa midogo, yote inawaka.

Sindano alimwona anaiona. Alisimama na koleo mkononi, akasubiri, bila kujua anasubiri nini.

Baba akatembea mbele ya zile picha kama mkubwa anayekagua gwaride. Alipofika kwenye ile kubwa kuliko zote, alifungua kikasha, akavaa miwani ya binti yake, akainama hadi pua ikakaribia kugusa. Alikaa hivyo kwa muda. Halafu akanyooka.

"Huu si wetu," alisema.

Bosi alidhani mzee ana shida ya kusikia au ya kuona. Akamuuliza kwa upole anamaanisha nini.

"Mlima huu. Si wetu," baba alisema. "Wetu ulikuwa na bega upande huu wa kulia. Ndipo ulipopasukia."

Ndipo akakaa kwenye kile kiti, na akaanza kusimulia. Sindano hakuwahi kumsikia akisimulia. Alisimulia vizuri, kama mtu anayeeleza mechi aliyoishuhudia, na mahali pengine alichekesha. Alieleza vikombe kugongana, na kuku waliokataa kuingia bandani. Alieleza jirani na honi yake. Wino alikuwa ameizima mashine. Bosi alikuwa ameshika mdomo. Sindano peke yake aliendelea na kazi. Alikunja kona, akapiga pini, akageuza fremu, akakunja kona nyingine.

Mzee alifika kwenye ile saa ya mwisho. Alisema wakati binti yake anahangaika na vitu, yeye alichukua ufagio akaenda uani. Alifagia uwanja wote, kuanzia ngazi hadi geti, akakusanya majani, akayatupa kwenye shimo. Lava ilikuwa imeshafika nyumba ya juu yao.

"Sijui kwa nini," alisema. "Niliona aibu ikute uchafu."

Wino alicheka, kisha akaacha. Koleo la Sindano lilisimama. Hilo la ufagio hakuwa analijua. Siku zote alidhani baba yake alichelewa kwa ubishi, au kwa kusali.

Baada ya siku ile karakana ilibadilika. Bosi alimwita Sindano pembeni akamwomba radhi kwa maneno mengi, machozi yakimlengalenga. Alisema laiti angejua asingeileta picha hiyo kabisa, na kwamba akitaka ataiondoa kwenye mauzo hata kesho. Sindano akamwambia aiache, inauza. Bosi aliiacha, ila akaagiza milima yote ipelekwe kwa fundi mwingine, na Sindano apewe mapeari na farasi. Wino akaacha kuimba kama alivyozoea. Mtu akiingia na picha ya moto, Wino aliigeuza uso ukutani, kama unavyoficha sigara mbele ya mkwe. Waliongea naye kwa sauti ya hospitali.

Wote walikuwa wema, na wema wao ulimchosha. Aliwamba mapeari, moyoni hamna kitu. Fundi yule mwingine hakujua kukunja kona, na milima ikaanza kutoka na masikio, na hoteli ikarudisha baadhi. Mwishowe Sindano alikwenda mwenyewe kwa bosi akamwambia kwamba anaomba kazi yake. Bosi akamuuliza kama ana hakika. Sindano alisema ni turubai na wino. Akarudishiwa.

Wiki moja baadaye bosi alimfuata tena, safari hii akiwa na wazo. Alianza kwa mbali. Alisema wateja wa siku hizi wanapenda kujua kitu kimepita mikononi mwa nani. Alikuwa anafikiria maneno machache tu kwenye ukurasa wa duka, bila jina, kwamba picha hii inawambwa na mwanamke ambaye... Hakumaliza. Alitazama uso wa Sindano, ambao haukuwa na hasira wala huzuni, akavua miwani akaifuta.

"Sahau," bosi alisema. "Nimesema upumbavu."

"Hamna shida," Sindano alijibu, na kweli hakuiona shida. Ila alipokuwa anarudi nyumbani alipita kituo chake bila kuteremka, akalazimika kurudi kwa miguu.

Aliyeitaka picha alikuwa baba. Aliomba wakiwa wanaosha vyombo, yeye akipangusa. Alitaka moja ya kutundika juu ya meza ya kulia. Sindano akadhani ni utani, akasubiri kichekesho. Hakikuja. Akamuuliza ya nini.

"Nataka niuone umetulia mahali pamoja," baba alisema.

Alimletea ile ya kwanza kabisa, yenye mstari mweupe kwenye moshi, iliyokuwa imekunjwa nyuma ya rafu ikisubiri kutupwa. Bosi aliitoa bila swali, akaongeza na fremu. Baba aliutafuta mstari ule kwa kidole akaupata, akasema wamempa mlima wenye mlia. Walibishana kidogo kuhusu msumari. Yeye hakumwamini mtu kwenye mambo ya ukuta. Aligonga kwa kiungo cha kidole huku na huku, akisikiliza, akasema ukuta huu umejengwa na mtu aliyekuwa na miadi sehemu nyingine. Alipopata pagumu akapiga msumari. Picha ikakaa sawasawa. Tangu hapo mzee alikula akiitazama, na binti yake akala akiwa ameipa mgongo.

Jumapili moja mchana walikuwa mezani. Mashuka ya majirani yalikuwa yanapigapiga nje ya dirisha. Baba alikuwa amemaliza, ameegemea, anatazama juu ya kichwa cha binti yake kama kawaida.

"Hawa watu nao," alisema, "mlima unawamwagikia, wamesimama tu."

"Kama wewe," Sindano alisema.

Hakuwa amepanga kusema. Sauti ilitoka tambarare, ya mtu anayeomba chumvi. Baba alishusha macho kutoka ukutani.

"Ulikuwa unafagia, Baba. Mimi nabeba magodoro peke yangu. Nabeba nguo za watu, narudi, nabeba tena. Nilikuwa naizunguka cherehani kama mwehu. Ilihitaji mtu wa pili. Mtu mmoja tu, wa kushika upande ule. Na wewe ulikuwa unafagia majani."

Alipofika hapo sauti ilikuwa imepanda, na mikono yake, aliona, ilikuwa inakigonga kitambaa cha plastiki cha mezani kwa kila neno. Aliishangaa mikono hiyo. Baba hakujitetea kwa uzee wala kwa mshtuko.

"Nilikuona," alisema. "Nilikuona kupitia dirishani, unaizunguka. Nikajiambia weka ufagio chini uende. Mkono ukakataa kuachia."

"Ungeniita."

"Ningekuita nikwambie nini? Njoo unitoe ufagio mkononi?"

Sindano akainuka akakusanya sahani. Aliziosha kwa fujo, masufuria yakapiga kelele hadi kwa jirani wa chini, ambaye aligonga bomba. Alikuwa na hasira iliyomjaa hadi kwenye meno. Hakuikumbuka mara ya mwisho alipokuwa na kitu kama hicho. Ilimkaa siku nzima, na kesho yake akaamka nayo, akaenda nayo kazini, akapiga pini kwa nguvu mpaka Wino akauliza pini zimemkosea nini. Wiki nzima alimtengea baba chakula bila neno, na baba alikula bila utani, akishukuru kwa sauti ya chini kila alipomaliza. Alikuwa amehamisha kiti. Sasa wote wawili waliipa picha ubavu.

Kisha hasira ikapungua, kama homa inavyopungua, na ganzi ikarudi. Haikurudi yote. Kuna sehemu ilizoziacha, hapa na pale. Chai ilianza kuwa tamu au chungu. Aligundua kwamba viatu vyake vinambana, na kwamba vimekuwa vikimbana tangu aliponunua.

Msimu wa volkano ulipita wenyewe. Watu walipata wazo jingine, misitu yenye ukungu, na mashine ikaanza kutema ukungu. Yule mke wa mito myekundu alipiga simu kuuliza kama wanapokea mlima wa kubadilisha, maana amenunua mapazia mapya ya bluu. Bosi akamwambia hapana, kwa adabu.

Mvua zilipoanza, ukuta wa nyuma wa karakana ukatoa unyevu. Rangi ilivimba, plasta ikaanguka vipande vipande juu ya maboksi ya fremu. Fundi aliyeitwa alitazama akasema atarudi, na hakurudi. Bosi alimuuliza Sindano, kwa kusitasita, kama yule mzee wake bado anafanya kazi. Sindano akasema hajui. Alimuuliza baba jioni, wakiwa bado hawaongei sana. Asubuhi alipoamka Sindano alimkuta ameshanyoa, na badala ya shati safi amevaa fulana kuukuu.

Mzee alikwenda kuutazama ukuta, akaugonga kwa kiungo cha kidole kuanzia chini hadi juu, akasema shida haiko ukutani, iko kwenye mfereji wa paa. Alitengeneza mfereji kwanza. Kisha akabandua plasta yote ya zamani, akaacha matofali wazi yakauke. Wino alimkorogea mchanga na saruji na akakaripiwa kwa kuweka maji mengi. Mchana baba na binti walikula kwenye benchi la mlango wa nyuma, wakiongea mambo ya ukuta. Mengine hawakuyarudia. Siku moja tu baba alisema, akiwa anatafuna, kwamba cherehani za meza ya chuma bado zinauzwa, ameona moja dirishani njia ya sokoni, imechakaa lakini gurudumu linazunguka. Sindano akasema atapita kuiangalia. Hakusema lini.

Siku ya plasta ya mwisho alimaliza kazi zake mapema akaenda nyuma kumtazama. Baba alikuwa juu ya kigoda, mwiko mkononi, anavuta plasta kwa mkono mrefu wa polepole, kutoka bega hadi kiuno, anarudi juu. Ukuta ulikuwa laini kama ngozi ya yai, wa kijivu cheusi, unang'aa kwa maji. Hapakuwa na kitu juu yake. Sindano alisogea, akaweka kiganja chake hapo.

Ulikuwa baridi sana. Ubaridi ulimpanda hadi kwenye kiwiko, akavuta pumzi kwa nguvu, na hakuutoa mkono.

"Sasa ona," baba yake alisema kutoka juu. "Umeniongezea kazi."

Aliutoa. Kiganja kilikuwa kimebaki ukutani, vidole vyote vitano. Baba alishuka kwenye kigoda akinung'unika, akachota plasta kidogo kwa ncha ya mwiko, akaipaka juu ya alama, akaivuta mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka ikapotea. Sindano alijifuta mkono kwenye aproni akasimama pale pale, mpaka mzee aliporidhika na kuosha vyombo vyake.